Injinia wa Migodi ni Mlinzi wa Watu

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba juu ya uongozi na maendeleo katika kazi ya uinjinia wa migodi.)



Kila mtu aliyevaa pete ya dhahabu, aliyepika kwa sufuria, au aliyewasha taa ya stima nyumbani mwake, ametumia kitu kilichotolewa ardhini na mtu mwingine. Lakini ni wachache wanaouliza kitu hicho kilitokaje huko chini, na ni nani aliyehakikisha kwamba yule aliyekitoa alirudi jioni kwa watoto wake. Kazi hiyo ya kuhakikisha ndiyo kazi ya injinia wa migodi, nami nataka kuieleza leo.

Wengi hudhani kwamba injinia wa migodi ni mtu ajuaye mahali penye dhahabu. Sivyo. Anayetafuta mahali penye madini ni mtaalamu wa miamba. Injinia wa migodi huja nyuma yake, naye huulizwa maswali mengine. Shimo litachimbwa wapi, na kwa upana gani? Dari yake itashikwa na nini? Hewa safi itaingia kwa njia ipi, na hewa chafu itatokea wapi? Maji yatavutwaje? Na siku mambo yakiharibika, watu watapita mlango gani? Asiyeweza kujibu maswali hayo yote kabla mtu wa kwanza hajashuka, hastahili kuitwa injinia, hata kama ana shahada nzuri ukutani.

Nitawaelezeni habari tatu: moja ya Uingereza, moja ya Afrika Kusini, na moja ya Chile huko Amerika ya Kusini. Zote tatu zaonyesha kwamba kazi hii haikuendelea kwa nguvu ya mitambo peke yake. Iliendelea kila walipotokea watu waliouliza kwa nini wenzao walikufa, wasitosheke na jibu la kwamba ilikuwa bahati mbaya.

TAA ILIYOFUNIKWA KWA WAVU

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 wachimbaji wa makaa ya mawe kaskazini ya Uingereza walimulika kwa mishumaa. Makaa ya mawe hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka, nayo ikichanganyika na hewa ya kawaida kwa kiasi fulani, cheche moja yatosha kuilipua kama baruti. Tarehe 25 Mei, 1812, mlipuko wa namna hiyo ulitokea katika mgodi wa Felling, ukaua watu 92. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa kiume, kwa kuwa siku zile watoto nao walifanya kazi migodini.

Wenye migodi wa wakati ule hawakupenda habari za ajali zitangazwe magazetini. Lakini mchungaji wa mahali pale, John Hodgson, ambaye ndiye aliyewazika wengi wao, aliandika habari hiyo kwa ukamilifu na kuichapisha. Watu wakaanza kuuliza. Mwaka 1813 kikaanzishwa chama mjini Sunderland cha kuzuia ajali za migodini, na mwaka 1815 kikamwomba msaada bingwa wa elimu ya kemia aitwaye Humphry Davy.

Davy aliona kwamba mwali wa moto haupiti katika wavu wa waya wenye vitundu vidogo sana. Sababu yake ni kwamba waya hunyonya joto na kulitawanya, hata hewa iliyo nje ya wavu isipate joto la kutosha kuiwasha. Basi akaifunika taa kwa wavu. Taa hiyo ilifanya na kazi ya pili, kwani hewa ya hatari ilipokuwapo mwali ulibadilika kimo na rangi, na mchimbaji akajua kwamba yampasa kuondoka. Davy hakutaka kujiwekea haki ya kuiuza peke yake. Mwaka ule ule wa 1815 George Stephenson, fundi wa mitambo katika mgodi wa Killingworth ambaye hakupata kusoma chuoni, naye alitengeneza taa yake mwenyewe ya usalama. Tazameni basi: mchungaji, mtaalamu na fundi, kila mmoja alitia mkono wake, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba jambo hilo halimhusu.

Hata hivyo habari hii ina upande wa pili, nao haufai kufichwa. Taa ilipopatikana, baadhi ya wenye migodi walianza kuwapeleka watu katika sehemu zilizokuwa zimeachwa kwa sababu ya hatari yake, wakisema kwamba sasa wana taa. Kwa hiyo milipuko haikukoma. Chombo chema kilicho mikononi mwa mwenye tamaa hutumiwa kuisogelea hatari badala ya kuikimbia. Injinia kijana na alikumbuke hilo kila aletewapo mtambo mpya na kuambiwa kwamba huo utaondoa mashaka yote.

NGUZO ZA COALBROOK

Habari ya pili ni ya karibu zaidi nasi, kwa kuwa waliokufa walikuwa Waafrika wenzetu kwa mamia.

Katika migodi mingi ya makaa ya mawe watu huchimba vyumba, na baina ya chumba na chumba huacha nguzo za makaa yenyewe ili zishike dari. Hapo ndipo tamaa na busara hushindana. Kila nguzo inayoachwa ni mali isiyouzwa, na kila nguzo inayopunguzwa ni faida ya leo. Lakini uzito wa ardhi iliyo juu haupungui, nao hugawanyika juu ya nguzo zilizobaki.

Chukueni mche wa sabuni. Kateni kipande kifupi mkilaze mezani, na mtoto aweza kukikanyaga kisivunjike. Lakini mkiusimamisha mche mzima na kuukandamiza kwa juu, utapinda na kukatika, ingawa ni sabuni ile ile. Nguzo ya mgodi ndivyo ilivyo: nene na fupi ina nguvu, nyembamba na ndefu ni dhaifu.

Katika mgodi wa Coalbrook, karibu na Sasolburg katika jimbo la Orange Free State, vyumba vilikuwa vimeongezwa kimo kwa kuchimba makaa ya darini. Kwa hiyo nguzo zilirefuka bila kunenepa. Mwishoni mwa Desemba 1959 sehemu moja iliporomoka, lakini kazi iliendelea. Tarehe 21 Januari, 1960, alasiri, sauti za kupasuka zilisikika tena. Baadhi ya wafanya kazi walikimbilia nje, na inaelezwa kwamba wengine wao waliamriwa kurudi. Jioni ile mamia ya nguzo yalianguka, moja ikifuata nyingine, kwa sababu nguzo ikivunjika mzigo wake huiangukia jirani yake. Watu 435 walikufa. Wengi wao walikuwa wametoka Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, na Msumbiji. Mashimo yalitobolewa kutoka juu ili kuwatafuta, lakini hakuna aliyepatikana akiwa hai, na miili yao imo humo mpaka leo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Coalbrook ufa ulionekana, lakini ukuta haukuwahi kujengwa.

Baada ya msiba huo ilidhihirika kwamba mainjinia hawakuwa na hesabu ya kuaminika ya kuwaambia nguzo ya kadiri gani yatosha. Walifuata mazoea ya kila mgodi. Mtaalamu mmoja mzaliwa wa Hungaria, Miklós Salamon, pamoja na mwenzake A. H. Munro, walichukua njia ya unyenyekevu. Badala ya kukisia, walikusanya habari za migodi halisi ya makaa ya Afrika Kusini: mahali 98 ambapo nguzo zilikuwa zimesimama, na mahali 27 ambapo zilikuwa zimeanguka. Walipima upana wa nguzo, kimo chake, na kina cha mgodi, wakatafuta hesabu ielezayo kwa nini hizi zilisimama na zile zikaanguka. Mwaka 1967 waliitangaza hesabu yao. Tangu hapo injinia aliweza kupima nguvu ya nguzo na mzigo wake kabla ya kuchimba, na ikawa desturi kutaka nguvu hiyo ipate mara 1.6 ya mzigo, ili pawe na akiba kwa yale yasiyojulikana.

Tafadhalini litafakarini jambo hili. Zile habari za mahali 27 palipoanguka nguzo zingeweza kusahauliwa, kwa maana mwanadamu hapendi kuandika makosa. Kwa kuandikwa na kupimwa, zimewalinda maelfu ya watu waliochimba baada yake. Kazi isiyoweka kumbukumbu ya kushindwa kwake haiwezi kuendelea.

Lakini hesabu haikutosha. Lilibaki swali la wale walioamriwa kurudi. Je, mtu aliyesikia mwamba ukilia ana haki ya kukataa? Mwaka 1995 nchi za dunia zilipatana mkataba juu ya usalama migodini, nao ulisema kwamba mfanya kazi anayo haki ya kuondoka mahali anapoona hatari kubwa. Mwaka 1996, baada ya nchi yao kupata serikali iliyochaguliwa na wote, wabunge wa Afrika Kusini walitunga sheria ya afya na usalama wa migodi iliyoweka haki hiyo hiyo. Hayo ni maendeleo ya uinjinia sawasawa na hesabu ya Salamon, kwa kuwa sikio la mchimbaji ni kipimo pia, na mara nyingi hutangulia vipimo vingine vyote.

SIKU 69 HUKO CHILE

Habari ya tatu ina mwisho wa furaha. Tarehe 5 Agosti, 2010, mwamba mkubwa mno uliporomoka katika mgodi wa San José wa shaba na dhahabu, karibu na mji wa Copiapó katika jangwa la Atacama. Watu 33 walifungiwa chini, karibu mita 700 kutoka juu, yaani zaidi ya futi 2,200. Walijaribu kutoka kwa njia ya hewa, lakini ngazi zilizopasa kuwamo hazikuwamo. Ngazi ni kitu cha fedha kidogo. Kwa kukosa ngazi, kazi ya saa chache ikawa kazi ya miezi miwili.

Mnyapara wa zamu ile, Luis Urzúa, alikuwa kiongozi wa kweli. Aliwakusanya watu, akagawa chakula kidogo kilichokuwapo kwa vijiko, akagawa kazi, akachora ramani ya mahali walipokuwa. Huko juu serikali ilimwita injinia wa migodi André Sougarret, aliyekuwa akisimamia mgodi mkubwa wa El Teniente. Alikuta watu wengi, kila mmoja akitoa amri yake, na ramani zisizolingana na mgodi ulivyo. Hakujifanya anajua lililo mbele yake. Aliamuru mashimo membamba yatobolewe mengi kwa pamoja, akijua kwamba mengine yatakosea njia. Siku ya 17, tarehe 22 Agosti, moja lilifika, na mtambo ulipovutwa juu ulikutwa na karatasi iliyoleta habari kwamba wote 33 walikuwa hai.

Hapo ikabaki kazi ya kuwatoa. Sougarret hakuweka tumaini lake lote katika mtambo mmoja. Ilifanywa mipango mitatu, kila mmoja na mtambo wake na njia yake. Injinia kijana wa miaka 24, ambaye hakuwa na cheo kikubwa, alileta shauri la kutumia nyundo za namna nyingine ili kulipanua upesi shimo lililokwisha tobolewa. Sougarret alimsikiliza, akamhoji, kisha akalikubali shauri lake, na mpango huo wa pili ndio uliofika kwanza, tarehe 9 Oktoba. Siku nne baadaye watu wote walikuwa wametolewa mmoja mmoja katika chombo chembamba cha chuma, na wa mwisho kutoka alikuwa mnyapara Urzúa.

Wazee wetu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Neno hilo ni la kweli. Lakini katika machimbo yafaa tuliongezee lingine: mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya wengi.

HABARI ZINAZOTUHUSU SISI

Pengine mtu atasema, “Hayo ni mambo ya nchi nyingine, mimi nina shamba la mahindi.” Lakini nchi zetu ni nchi za machimbo. Dhahabu ilichimbwa Kakamega tangu miaka ya 1930, na hata leo huko, na Migori pia, wamo watu wanaochimba kwa sururu na kamba. Mwadui katika Tanzania ina almasi iliyogunduliwa mwaka 1940, na Geita ina dhahabu. Huko Kwale mchanga wenye titani ulichimbwa tangu mwaka 2013 hadi mwisho wa mwaka 2024. Tena Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuweka njia ya kuwapatia kibali. Kwa hiyo mwenye shimo la kina cha miti sita nyuma ya boma yake, yeye naye ni mwenye mgodi, na maswali yale ya injinia yanamngoja.

Hebu niseme machache kwa wachimbaji hao, kwa maneno rahisi.

Kwanza, msiinyofoe nguzo mliyoiacha, hata kama mnaiona dhahabu ndani yake. Nguzo hiyo ndiyo nyumba yenu.

Pili, msishushe pampu ya petroli shimoni. Moshi wake una sumu isiyonuka, nayo hulaza mtu usingizi asioamka. Pampu ikae juu, mpira wake ushuke. Na mwenzenu akianguka shimoni ghafula bila sababu ionekanayo, msimfuate mbio, maana mara nyingi wa pili na wa tatu hufa juu ya wa kwanza. Ingizeni hewa kwanza, na anayeshuka afungwe kamba inayoshikwa na watu walio juu.

Tatu, mvua kubwa ikinyesha, tokeni. Udongo ulioloa ni mzito kuliko udongo mkavu, na tena haushikani. Usirudi siku ya pili kwa kuwa jua limewaka. Mkague kwanza kingo za shimo na nyufa zake.

Nne, zebaki isichomwe jikoni wala karibu na watoto. Mvuke wake huingia mwilini kimya kimya na kuharibu akili na mishipa.

Tano, chagueni mtu mmoja mwenye sauti ya mwisho juu ya usalama, na neno lake likitoka, mtu yeyote asibishane nalo kwa ajili ya fedha.

KWA VIJANA

Sasa nawageukia vijana. Kazi hii yahitaji Hesabu, Fizikia na Kemia, na mtu asiwadanganyeni kwamba kuna njia ya mkato. Zamani Mwafrika aliyetaka kuisoma ilimlazimu kuvuka bahari. Leo Chuo Kikuu cha Taita Taveta huko Voi kinaifundisha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hali kadhalika. Wasichana nao wasidhani kwamba mlango umefungwa. Ni kweli kwamba mwaka 1935 mataifa yalifanya mkataba wa kuwakataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi migodini, lakini nchi nyingi zilikwisha jitoa katika mkataba huo, na wanawake leo ni mainjinia na mameneja wa migodi.

Lakini elimu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni moyo wa kusimama siku mwenye mali asemapo, “Ongeza,” na hesabu yako yasema, “Basi.” Siku hiyo hutakuwa na mwalimu karibu nawe. Utakuwa na karatasi yako, na kazi yako, na pengine deni la karo ya wadogo zako. Ukitia sahihi, nguzo zitapunguzwa. Ukikataa, huenda ukafukuzwa. Sikuahidini kwamba uamuzi huo ni mwepisi. Nawaambieni tu kwamba wapo watu chini ambao hawajui kusoma karatasi hiyo, nao wameshuka kwa kuliamini jina lililoandikwa chini yake.

Katika migodi mingi kuna desturi ya zamani. Kila mtu anayeshuka hupewa kibati chenye namba yake, na kibati kingine cha namba ile ile hutundikwa ubaoni penye mdomo wa shimo. Akipanda, hukiondoa. Zamu ikiisha, ubao ulio mtupu maana yake wote wamerudi, na ukiwa na kibati kimoja kimebaki, hakuna mtu anayekwenda nyumbani. Meneja wa mgodi huletewa jioni hesabu ya tani zilizochimbwa, na ni haki yake kuzijua. Lakini injinia aliye kiongozi hupita kwanza penye ubao ule, akautazama, ndipo akaenda kuuliza habari za tani.

Maneno yangu ni hayo.